Je, wajua ni nani anayeidhinisha kadi ya mkopo ya duka kubwa?

Nchini Marekani, mteja anayefika kwenye kaunta ya malipo ya duka kubwa linalouza nguo, vyombo na samani chini ya paa moja huulizwa swali lile lile karibu kila mara kabla hajalipa: je, angependa kufungua kadi ya mkopo ya duka leo na kupunguziwa bei? Akikubali, huingiza kwenye kifaa cha kaunta jina lake, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Hifadhi ya Jamii inayomtambulisha kwa serikali, na kipato chake cha mwaka, na mara nyingi jibu hurudi kabla bidhaa hazijamaliza kufungashwa. Jibu hilo lina mambo ya kustaajabisha. Yuko mtu aliyenyimwa kadi ya kawaida na benki ambaye dukani hukubaliwa papo hapo, na yuko mwingine aliyelipa madeni yake kwa wakati miaka yote ambaye kwenye kaunta hiyo hiyo huambiwa kwamba ombi lake halikuidhinishwa.

Maelezo ambayo watu wengi hujipa ni kwamba duka linawajua wateja wake. Kwa fikra hiyo, aliyenunua hapo kwa miaka kumi ana haki ya kuaminiwa kuliko mgeni, keshia mwema anaweza kumsaidia mtu, meneja anaweza kubadilisha uamuzi akiombwa kwa adabu, na kukataliwa ni aina fulani ya utovu wa shukrani kutoka kwa duka ambalo mteja amelitajirisha. Ndiyo maana wapo wanaosubiri zamu ya mhudumu wanayefahamiana naye, na wapo wanaofanya manunuzi makubwa kwa fedha taslimu wiki chache kabla ya kuomba, wakiamini kwamba wanajijengea sifa.

Juhudi hizo zote zinaelekezwa kwa mtu asiye na mamlaka. Kadi yenye jina la Macy's hutolewa na Citibank, ya Kohl's hutolewa na Capital One, ya Target hutolewa na TD Bank, na ya JCPenney hutolewa na Synchrony, benki ambayo kazi yake kubwa ni kuendesha kadi za maduka ya watu wengine. Jina la duka huchapishwa kwa herufi kubwa mbele ya kadi, na jina la benki hupatikana kwa maandishi madogo upande wa nyuma au ndani ya mkataba ambao wengi hawausomi. Fedha zinazokopeshwa ni za benki, masharti ni ya benki, na anayesema ndiyo au hapana ni kompyuta ya benki. Keshia hana njia ya kuona historia ya madeni ya mteja wala hawezi kuigusa. Kinachomfikia kwenye skrini ni matokeo tu. Anachoweza kufanya ni kuuliza swali, na huuliza kwa bidii kwa sababu maduka mengi huwapangia wahudumu idadi ya maombi wanayotakiwa kukusanya.

Fikra hiyo ya kale haikutoka hewani, kwani ilikuwa kweli kwa muda mrefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, duka kubwa la Marekani lilikuwa na ofisi yake ya mikopo, yenye meneja aliyemhoji mwombaji, akaulizia kwa mwajiri wake na kwa wafanyabiashara wengine, kisha akamfungulia akaunti kwa fedha za duka lenyewe. Kuanzia miaka ya 1930 wateja wengi walioaminiwa walipewa kibati kidogo cha chuma chenye jina na anwani, ambacho kilibanwa kwenye mashine ili kugonga maandishi hayo kwenye hati ya mauzo. Mfumo huo ulivunjika pole pole, na maduka yakauza vitabu vyao vya madeni kwa mabenki: Sears ilifanya hivyo mwaka 2003, kampuni inayomiliki Macy's ikafuata mwaka 2005, Target mwaka 2013 na Nordstrom mwaka 2015. Kadi ikabaki na jina lile lile na punguzo lile lile, kwa hiyo mteja hakuona sababu ya kubadilisha imani yake kuhusu nani anayemkopesha.

Tukishajua kwamba mwamuzi ni benki, swali linakuwa gumu zaidi: kwa nini benki ilegeze masharti yake kwa sababu tu kadi imeandikwa jina la duka? Watu wengi hujibu kwamba kadi za maduka humkubali kila mtu, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa maombi mengi hukataliwa. Jibu sahihi limo katika jinsi benki inavyopanga mstari wa kukata, yaani kiwango cha chini ambacho mwombaji asipokifikia hukataliwa.

Ombi linapofika, kompyuta ya benki huomba taarifa ya mwombaji kutoka kwa mojawapo ya taasisi 3 kubwa za kumbukumbu za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, na huipata pamoja na alama inayofupisha taarifa hiyo. Alama inayotumika zaidi ni FICO, iliyoanza kutumika mwaka 1989, ambayo katika matoleo yake ya kawaida huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya uzito wake hutokana na rekodi ya kulipa kwa wakati, asilimia 30 na kiasi kinachodaiwa, asilimia 15 na umri wa historia ya mikopo, na asilimia 10 kwa kila moja kati ya mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo. Uaminifu kwa duka haumo, na kipato hakimo, ingawa benki hukiuliza kipato kwa madhumuni yake mengine. Fedha taslimu zilizotumika dukani hazimo pia, maana hazikuwahi kuwa deni.

Alama hizo ni kama nafaka inayopitishwa kwenye chekeche: nafaka haibadiliki, lakini anayechekecha huchagua ukubwa wa matundu. Benki ile ile inaweza kutumia chekeche lenye matundu madogo kwa kadi yake ya kawaida na lenye matundu makubwa kwa kadi ya duka. Ukubwa wa matundu huamuliwa na hesabu ya hasara na faida, na hesabu hiyo inafaa kuonekana kwa tarakimu. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu 100 waliopewa kadi ya duka, kila mmoja akiwa na kikomo cha kukopa cha dola 300. Tuseme 8 kati yao wanatumia kikomo chote na hawalipi kitu, hivyo benki inapoteza dola 2,400. Kati ya 92 waliobaki, nusu wanalipa deni lote kila mwezi na hawatozwi riba, na nusu nyingine, yaani watu 46, wanabaki na deni la dola 300 kwa mwaka mzima. Kwa riba ya asilimia 18, watu hao 46 wanaiingizia benki dola 2,484, kiasi ambacho kinaziba hasara na kubakiza dola 84 tu za kulipia kila kitu kingine. Kwa riba ya asilimia 30, wanaingiza dola 4,140. Kundi lile lile la waombaji, lenye walaghai wale wale na wenye shida wale wale, limegeuka kutoka biashara isiyofaa kuwa biashara inayolipa, na kilichobadilika ni riba peke yake.

Hapo ndipo ilipo siri ya kadi za maduka, ambazo riba yake siku hizi mara nyingi hupita asilimia 30. Kikomo kidogo nacho hufanya kazi yake, kwani mtu mmoja anayeshindwa kulipa kadi ya kawaida yenye kikomo cha dola 5,000 huleta hasara sawa na ya watu karibu 17 wenye kadi ya dola 300. Zaidi ya hayo, kadi inayokubalika katika duka moja tu haiwezi kutolewa fedha taslimu wala kulipia mafuta na pango, kwa hiyo mtu aliyebanwa na maisha hawezi kuimaliza kwa haraka kama kadi ya kawaida. Duka lenyewe pia lina masilahi, kwa sababu mikataba mingi hulipatia sehemu ya mapato ya kadi. Macy's, kwa mfano, huripoti mapato hayo kwenye mstari wake wa peke yake katika hesabu za kila mwaka, na ni mamia ya mamilioni ya dola. Tahadhari inahitajika hapa: benki hazitangazi mistari yao ya kukata, na yeyote anayemhakikishia mwombaji kwamba alama fulani inatosha kwa duka fulani anakisia kutokana na matokeo ya wengine.

Maduka mengi yana kadi 2 ndani ya ombi moja. Benki hupima kwanza kama mwombaji anafaa kwa kadi yenye nembo ya Visa, Mastercard au American Express, inayokubalika popote, na asipofaa humpima tena kwa kadi ya duka pekee. Anayepokea kadi isiyofanya kazi nje ya duka mara nyingi hajui kwamba tayari amewekwa kwenye chekeche la kwanza na kubaki juu bila kupita.

Kikwazo kikubwa kwa vijana na wahamiaji wapya ni kukosa historia kabisa, jambo ambalo ni tofauti na kuwa na historia mbaya. FICO haiwezi kutoa alama mpaka mtu awe na angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6 na angalau akaunti moja iliyoripotiwa ndani ya miezi 6 iliyopita. Benki zinazoendesha kadi za maduka zimekuwa mlango wa kuingilia kwa baadhi ya watu hao, japokuwa sheria ya kadi za mikopo ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji mwenye umri chini ya miaka 21 aonyeshe kwamba ana uwezo wake mwenyewe wa kulipa, au awe na mtu mzima wa kubeba deni pamoja naye. Kuanzia miaka 21, mwombaji anaruhusiwa kutaja pia kipato cha mwenzake wa nyumbani ambacho ana matarajio ya busara ya kukitumia.

Yule mwenye rekodi nzuri aliyekataliwa naye ana sababu zake, na baadhi hazihusiani na alama. Huenda alizifunga taarifa zake katika taasisi za kumbukumbu ili kujikinga na wezi wa utambulisho, huduma ambayo ni ya bure kote Marekani tangu mwaka 2018, kisha akasahau kuzifungua; benki ikibisha hodi na kukuta mlango umefungwa, haina cha kupima. Huenda anwani aliyoandika hailingani na iliyo kwenye kumbukumbu. Huenda pia amefungua akaunti nyingi katika miezi michache, kwa kuwa kila ombi kamili huacha ulizo zito, yaani alama ya kwamba benki iliangalia taarifa zake ili kumkopesha, linaloonekana kwenye taarifa kwa miaka 2 na kuhesabiwa na FICO kwa mwaka 1. Mialiko inayotokea yenyewe kwenye tovuti ya duka au kuletwa kwa posta ni jambo tofauti: hutokana na ulizo jepesi lisilogusa alama, na huonyesha kwamba mteja amepita mchujo wa awali. Mwaliko huo bado unaweza kuondolewa ikiwa hali yake ya kifedha imebadilika kabla hajaukubali.

Aliyekubaliwa ana jambo moja la kuangalia mapema. Kikomo kidogo hujaa upesi, na manunuzi ya dola 200 kwenye kikomo cha dola 300 yanaweza kuripotiwa kuwa ametumia asilimia 67 ya mkopo wake kwenye kadi hiyo, kiwango kinachoshusha alama ingawa hajachelewa kulipa hata senti moja. Kulipa kabla ya tarehe ya kufunga hesabu ya mwezi hupunguza kiasi kinachoripotiwa.

Kwa aliyekataliwa, hati yenye thamani kubwa kuliko zote ni barua inayomfikia siku chache baadaye, ambayo wengi huichana kwa hasira bila kuisoma. Sheria ya usawa katika mikopo ya mwaka 1974, pamoja na kanuni zake, inaitaka benki itoe uamuzi ndani ya siku 30 baada ya kupokea ombi kamili, na inampa mwombaji haki ya kujua sababu mahususi. Kanuni hizo zimekaza kamba mahali ambapo benki ingependa ilegee: kumwambia mtu kwamba hakufikia viwango vya ndani vya benki, au kwamba hakupata alama za kutosha, hakuhesabiwi kuwa sababu. Lazima aambiwe jambo lenyewe, kwa mfano kwamba madeni yake ni makubwa yakilinganishwa na vikomo vyake, au kwamba historia yake ni fupi mno. Ikiwa alama ilitumika katika kumkataa, tangu mwaka 2011 barua inapaswa kuitaja kwa tarakimu, pamoja na mambo makuu yaliyoishusha na jina la taasisi iliyotoa taarifa.

Mwombaji ana siku 60 za kuiomba taasisi hiyo nakala ya taarifa yake bila malipo. Akikuta deni ambalo si lake au malipo yaliyoandikwa kimakosa kuwa yalichelewa, anaweza kulipinga, na kwa kawaida taasisi inatakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 30. Anaweza pia kuiomba benki iliyoandika barua iliangalie upya ombi lake, hasa ikiwa kilichokwamisha ni taarifa zilizofungwa au anwani isiyolingana. Jina na anwani ya benki hiyo ni lazima viwemo kwenye barua, na maombi ya namna hiyo hupelekwa huko moja kwa moja.