Vidonge vya Butireti na Damu Kwenye Choo: Maswali na Majibu

Swali: Asidi za mafuta za mnyororo mfupi ni nini?

Jibu: Ni asidi ambazo bakteria wa utumbo mpana huzitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi za chakula. Kuu ni tatu: asetati, propionati na butireti.

Swali: Zinahusiana vipi na kinga ya mwili?

Jibu: Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Husaidia kuuimarisha ukuta huo dhidi ya vijidudu, na huchangia kukomaza seli za kinga zinazozuia kinga yenyewe isiwake na kuvimbisha utumbo kupita kiasi. Kwa hiyo chupa ya vidonge vya butireti iliyoandikwa “huongeza kinga” inapotosha, maana kazi kubwa ya butireti hapo ni kuituliza kinga.

Swali: Je, vidonge vyake vinafanya kazi hiyo?

Jibu: Butireti isiyo na gamba maalumu hufyonzwa kwa sehemu kubwa kabla ya kufika utumbo mpana. Majaribio kwa wagonjwa wenye vidonda vya utumbo mpana yamekuwa madogo, na matokeo yake yanapishana. Ile harufu ya siagi iliyochacha unayoisikia ukifungua chupa ni ya butireti yenyewe, wala si ushahidi kwamba dawa ni kali.

Swali: Ninaona damu kwenye choo. Nimalize chupa kwanza?

Jibu: Hapana. Nenda hospitali wiki hii. Na kama damu ni nyingi au unasikia kizunguzungu, nenda leo.

Swali: Lakini damu imekatika tangu nianze vidonge.

Jibu: Bado ni hapana. Damu ya saratani ya utumbo mpana huja na kukatika yenyewe, na kukatika huko ndiko kunakowachelewesha wagonjwa tunaowapokea hospitalini wakiwa wamekonda, viganja vimepauka, na begi limejaa chupa tupu.

Swali: Na kama ni bawasiri tu?

Jibu: Nani amekupima? Bawasiri hutambuliwa kwa kuchunguzwa, si kwa kuambiwa na muuza vidonge. Mtu anaweza pia kuwa na bawasiri na saratani kwa pamoja.

Swali: Basi asiye na dalili ale nini?

Jibu: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika walilishwa kwa wiki mbili chakula cha vijijini Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi nyingi, na utengenezaji wa butireti tumboni mwao ukaongezeka mara 2.5. Sisi tuna dona, maharage, kunde na ndizi mbichi, lakini tunakoboa mahindi hadi yawe meupe, kisha tunanunua kwa bei kali butireti ambayo nyuzinyuzi za pumba tuliyoitupa zingetupatia. Ongeza nyuzinyuzi kidogo kidogo, pamoja na maji, usije ukajaa gesi. Mwenye damu kwenye choo apimwe kwanza, na chupa ya vidonge aje nayo.