Jaji alishasema ulimuumiza mtoto, je kesi inaweza kufunguliwa tena?

Nafanya kesi za watoto kwenye mahakama za familia hapa Uingereza, na wazazi wetu waliofuatwa na kaunsili (halmashauri ya eneo, inayosimamia ulinzi wa watoto) wananiuliza sana hili: polisi wameshaniachia, mbona faili la watoto bado linasema nilimuumiza mwanangu? Ni kwa sababu hizo ni kesi mbili tofauti. Kwenye jinai lazima shaka iondoke, ila mahakama ya familia inaangalia tu kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba ilitokea kuliko kutotokea, na jaji akisharidhika basi kisheria ilitokea, hakuna nusunusu, Lord Hoffmann, jaji wa mahakama ya juu kabisa wakati huo, alilisema wazi mwaka 2008 kwamba ni sifuri au moja. Kwa hiyo kuachiwa na polisi peke yake hakufuti kitu.

Lakini njia ipo. Kwa England na Wales, kifungu cha 31F(6) cha sheria ya mashauri ya ndoa na familia ya mwaka 1984 (Matrimonial and Family Proceedings Act) kinaipa mahakama ya familia uwezo wa kubadili au kufuta amri yake yenyewe, na kwenye kesi ya Re E ya 2019 Mahakama ya Rufaa ikasema uwezo huo unafika mpaka kwenye yale jaji aliyoyabaini kuhusu tukio. Yaani si lazima ukate rufaa, unaweza kurudi palepale ilipoamuliwa.

Kazi iko hatua ya kwanza, kabla hata ushahidi haujaguswa. Jaji anapima: kesi zinatakiwa ziwe na mwisho, haya mambo yana uzito gani kwa watoto, na je kuna sababu ya maana ya kuamini safari hii jibu litakuwa tofauti? Kusema tu jaji alikuonea haitoshi, wala matumaini hayatoshi. Leta kitu kipya: ripoti ya daktari inayoeleza jeraha kivingine, au mtu amekiri. Ukivuka hapo ndo inaamuliwa kipi kisikilizwe upya na kwa mashahidi gani, halafu ndo kusikilizwa kwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Kuna familia ya Norfolk, mtoto wao mmoja alikutwa na mifupa iliyovunjika sehemu kadhaa, mahakama ikasema kaumizwa, watoto watatu wakachukuliwa na mwaka 2005 wakaasiliwa, yaani wakawa kisheria watoto wa familia nyingine. Baadaye wataalamu wakaona huenda ilikuwa kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C, unaodhoofisha mifupa), mtoto alikuwa analishwa maziwa ya soya! Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuwarudisha, kuasiliwa kulishakamilika. Mimi naona wazazi wale walilipa gharama ambayo hakuna mzazi anapaswa kulipa, lakini sheria haijalegea, Januari 2025 mahakama hiyohiyo ilisema amri ya kuasili iliyotolewa kihalali haifutwi kwa hoja ya maslahi ya mtoto tu.

Kwa hiyo ukipata ripoti mpya usisubiri, mpelekee wakili wiki hiyohiyo. Na hata kama watoto wakubwa wameshaasiliwa bado ina faida, maana ukipata mtoto mwingine sosho weka (afisa ustawi wa kaunsili) ataanza na lile faili la zamani.

Halafu tafadhali, hizo karatasi za mahakama usizirushe kwenye grupu la WhatsApp, zina masharti ya siri na unaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama. Wakili wako unaruhusiwa kumpa.