Siku ya karani wa kura ni saa 15, ruhusa ilikuwa saa 4

Kila mwaka kabla ya uchaguzi wa Novemba hapa Virginia, Marekani, ninafundisha makarani wa vituo vya kupigia kura. Swali ambalo watumishi wa serikali kuu huniuliza kuliko yote ni hili: "Siku hiyo nitalipwa na ofisi, au inakatwa kwenye likizo yangu?"

Aliyezoea uchaguzi mkuu wa Tanzania au Kenya atashangaa, maana kwetu siku hiyo hutangazwa kuwa ya mapumziko na vituoni walimu hawakosi. Marekani hupiga kura Jumanne, kwa sheria ya mwaka 1845. Virginia iliifanya sikukuu ya jimbo mwaka 2020, lakini mwenye ajira katika idara ya serikali kuu ng'ambo ya mto Potomac, jijini Washington, anatakiwa kazini.

Machi 2021 Rais Joe Biden alitoa amri namba 14019 ya kurahisisha upigaji kura. Mwaka uliofuata watumishi hao wakaruhusiwa hadi saa 4 zenye malipo kwa mwaka ili wahudumu kituoni bila kutumikia chama. Nilifurahi sana. Kisha nikaanza kuhesabu.

Vituo vyetu hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 1 usiku. Karani huripoti saa 11 alfajiri. Kabla mpiga kura wa kwanza hajaingia, mashine inayosoma karatasi za kura huchapa ukanda unaoonyesha sifuri kwa kila mgombea. Tunausoma jina kwa jina, kisha tunautia saini. Usiku kazi hurudi upya: idadi ya waliopokelewa kwenye daftari ilinganishwe na karatasi zilizopita mashineni. Ikipishana hata moja, tunaitafuta, na isipopatikana tunaieleza kwa maandishi. Ndipo karatasi zinafungiwa masandukuni, lakiri zinawekwa na namba zake zinaandikwa. Nimewaona akina mama wa umri wa mama yangu wakirudia hesabu mara ya tatu, saa 3 usiku, viatu wamevua.

Umri huo si wa kituo changu tu. Katika uchaguzi wa 2018, zaidi ya nusu ya makarani nchini walikuwa wamepita miaka 60. Korona ilipoingia 2020, wengi wao ikabidi wabaki nyumbani, na maofisa wa uchaguzi wakahangaika kutafuta watu wapya.

Watumishi wa umma wanaifaa kazi hii kwa sababu wamezoea fomu, kiapo na taratibu. Isitoshe, tangu 1939 sheria iitwayo Hatch Act inawazuia kufanya siasa kazini. Lakini mtu alipopewa saa 4 katika siku ya saa 15, saa zake za ofisi zilizobaki alizilipia mwenyewe kwa likizo yake ya mwaka.

Wapo wanaosema mlipakodi asibebeshwe gharama ya kuwalipa siku nzima. Mbona anaibeba mahakamani? Mtumishi wa serikali kuu akiitwa kwenye juri, yaani raia wanaoketi mahakamani kuamua kesi, hulipwa mshahara wake na likizo yake haiguswi, hata kesi ichukue wiki kadhaa. Sioni kwa nini kulinda kura kupewe uzito mdogo kuliko kuamua kesi. Siku nzima moja, tena kwa uchaguzi mkuu peke yake, ingetosha.

Amri ya 2021 ilifutwa 20 Januari 2025, na Machi mwaka huohuo idara zikaagizwa kuacha kuitekeleza. Kwa hiyo ninaowafundisha sasa ninawaambia waombe likizo yao mapema, Septemba, kabla wenzao ofisini hawajaiwahi wiki hiyo.