Akina Mama, Pimweni Kwanza Kabla ya Kuchomwa "Sindano ya Nguvu"

Miezi ya karibuni, sisi tunaoshughulika na ukaguzi wa dawa hapa Kisumu tumekuwa tukipokea malalamiko yanayofanana. Mama wa miaka 40 na kitu, au 50, ametundikiwa dripu saluni, au amenunua kalamu ya sindano ya kupunguza uzito kupitia WhatsApp, kwa ahadi kwamba itamrudishia nguvu na "kuamsha metaboli", yaani kuufanya mwili uchome chakula haraka. Baadaye anatapika mfululizo, au moyo unamwenda mbio, au pesa zimeisha na mwili uko vilevile. Akifika kwetu anauliza kama dawa ile ni feki. Ni swali la haki, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: nani alikupima, na alikuta nini?

Tuelewane mapema. Hakuna dawa iliyosajiliwa kwa kazi ya kuamsha metaboli. Zipo tiba za upungufu wa damu, za tezi ya shingo, za kisukari, za unene na za shida za kukoma hedhi, na zinasaidia kweli zikipewa mtu anayezihitaji. Kwenye bango la saluni zote zimegeuzwa chupa moja yenye maji ya manjano.

Kuna imani kwamba mwanamke akigonga 40 mwili wake unaacha kuchoma chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, uliotumia vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha vingine. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hukaa karibu palepale tangu miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na wanaume, na baada ya hapo hushuka polepole, takriban asilimia 0.7 kwa mwaka. Kinachobadilika mapema ni kingine: misuli inapungua, usingizi unakatika, na homoni ya estrojeni ikishuka mafuta yanahamia tumboni. Kwa hiyo mama anayesema "mimi sili sana lakini nanenepa" hadanganyi. Anayemdanganya ni yule anayemuuzia sindano kwa maelezo hayo.

Sasa uchovu. Kama ningepewa kipimo kimoja tu cha kumfanyia kila mama mchovu anayeingia kituo cha afya eneo hili la ziwa, ningechagua kiwango cha damu. Miaka michache kabla ya hedhi kukoma, damu ya mwezi huweza kuja kwa wingi na bila mpangilio, hasa kwa mwenye faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi. Ongeza malaria, ambayo kwetu haina msimu wa kupumzika. Mama anapoteza damu mwezi baada ya mwezi, anazoea, anasema ni umri. Mwanamke asiye mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu, na hakuna dripu ya vitamini itakayoziba pengo hilo.

Dalili moja inapita mbele ya macho yetu kila siku: odowa, yale mawe laini ya kutafuna. Ukipita soko la Kibuye utaiona imepangwa kwa mafungu, na wanunuzi si wajawazito peke yao. Hamu ya kutafuna udongo na mawe laini mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisiingie mwilini. Mama anayeficha odowa kwenye mkoba asione haya kumwambia daktari. Kwa daktari hiyo ni taarifa, hatamhukumu kwayo.

Vidonge vya chuma ni vya bei nafuu na vinafanya kazi, ila vinahitaji subira. Kwa kawaida vinaendelea kwa miezi kama 3 baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ya mwili ijae. Choo kitakuwa cheusi. Msikimbilie hospitali kwa hilo. Na visimezwe kwa chai. Najua ninachoomba: kwetu chai ya maziwa iko asubuhi, saa nne na jioni. Lakini chai huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo acha muda wa saa moja au mbili kati ya kidonge na kikombe. Na ni lazima sababu ya kuvuja damu itafutwe. Kujaza debe linalovuja si tiba.

Jambo la ARV, dawa za VVU, halizungumzwi vya kutosha, ilhali akina mama wengi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori waliovuka miaka 40 wanazitumia. Dolutegravir, iliyomo katika kidonge ambacho wengi wanameza sasa, imeonekana kuongeza uzito kwa baadhi ya watu, hasa wanawake. Hiyo si sababu ya kuiacha. Narudia: usiache. Ni sababu ya kumwambia mhudumu wa kliniki yako apime uzito, sukari na presha kila unapofika. Halafu kuna suala la kuchanganya. Dolutegravir imezwe angalau muda wa saa 2 kabla ya vidonge vya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, au muda wa saa 6 baada yake. Chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa nayo pamoja ikiwa unakula chakula wakati huohuo. Dolutegravir pia hupandisha kiwango cha metformin mwilini, ndiyo maana kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia zote mbili daktari kwa kawaida hapitishi miligramu 1,000 za metformin kwa siku. Muuzaji wa "pakiti ya nguvu" mtandaoni hatakuuliza lolote kati ya haya.

Tezi ya shingo ikilegea humfanya mtu kuwa mchovu, mzito, mwenye kuhisi baridi na kukosa choo. Kipimo chake kinaitwa TSH. Dawa ni levothyroxine, asubuhi tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, na kwa tofauti ya saa 4 na chuma au kalsiamu. Ambaye tezi yake ni nzima akiimeza ili akonde anajitafutia moyo kwenda mbio na mifupa dhaifu. Msiazimane.

Kuhusu kukoma hedhi, hesabu ni miezi 12 mfululizo bila damu, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Anayechomwa sindano ya Depo ya kupanga uzazi hawezi kutumia hesabu hiyo, kwa sababu Depo yenyewe husimamisha hedhi. Wala damu hiyo "haijarudi tumboni". Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Damu haikutengenezwa, basi. Na kabla miezi 12 haijatimia mimba bado inawezekana, hata ukiwa na miaka 48.

Joto la ghafla na jasho la usiku humwibia mama usingizi, na mama asiyelala huchoka na hula ovyo. Hapo tiba ya homoni ina kazi. Estrojeni hupunguza joto hilo vizuri kuliko dawa nyingine, lakini mwenye kizazi lazima apewe pamoja na homoni ya pili, projestojeni, la sivyo ukuta wa kizazi unaweza kuota saratani. Kwa mama mwenye dalili kali ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Haifai kwa mwenye saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, mwenye ini lililoharibika sana, au anayetokwa damu bila sababu kujulikana. Hofu kubwa ya homoni ilitokana na utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao wanawake waliohusishwa walikuwa na wastani wa miaka 63. Si umri wa mama anayeanza kuona joto leo. Hata hivyo homoni si dawa ya kukonda. Na hedhi ikishakoma, damu ikirudi hata tone, fika hospitali wiki hiyohiyo.

Kalamu za kupunguza uzito ndizo zinazotuletea kazi nyingi. Semaglutide, inayouzwa ndani ya kalamu hizo, ni dawa halisi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu wenye unene waliochomwa kila wiki kwa wiki 68, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito kwa wastani. Wauzaji wanaishia hapo. Hawasemi kwamba waliofuatiliwa baada ya kuacha walirudisha kama theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka. Hawasemi kwamba misuli huondoka pamoja na mafuta, na misuli ndiyo mama wa miaka 50 anayoihitaji. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida, mawe ya nyongo na kuvimba kongosho hutokea, na haifai kwa mjamzito. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyosafiri na boda kutoka Kondele ndani ya mfuko wa nailoni saa saba mchana sitaki hata kuijadili. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi zile zimepenyezwa, sisi tujifunge kibwebwe.

Dripu na sindano za vitamini B12 humsaidia mwenye upungufu wa B12, mfano anayetumia metformin kwa miaka mingi. Kwa mwingine ni pesa zinazotoka na mkojo. "Mitishamba" ya kukonda imewahi kukutwa duniani na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Ya kutuliza viungo na kutia hamu ya kula imekutwa na dexamethasone, ambayo hupandisha sukari na presha. Aliyeimeza kwa muda mrefu asiikate ghafla bila daktari.

Sasa sheria, maana wengi wanadhani ni suala la leseni ya biashara ya kaunti. Leseni hiyo haimruhusu mtu kuuza dawa. Chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, jengo lazima lisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu, na anayelisimamia awe na leseni yake ya mwaka. Zote mbili zitundikwe ukutani mahali mteja anapoona, na uhalali wake huisha Desemba 31, kwa hiyo Februari usikubali karatasi ya mwaka jana. Dawa yenyewe iwe imesajiliwa nchini. Dawa ya maagizo ya daktari haitangazwi kwa umma, iwe redioni au kwenye status ya WhatsApp. Saluni inayotundika dripu inaweza kuwa na makosa manne kwa chupa moja: kuuza dawa bila leseni, kuendesha kituo cha tiba kisichoidhinishwa, kutibu bila kusajiliwa, na kumiliki dawa isiyosajiliwa. Ikiwa ni bandia, sheria ya bidhaa ghushi inaingia pia. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia, kukamata mali na kufunga mahali, na mahakama inaweza kutoza faini, kufunga jela, au yote mawili. "Ni ya dada yangu anaishi Dubai" si utetezi.

Kuhusu gharama: kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ni bure, piga *147# au umwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie. Aliyesajiliwa huhudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma vya ngazi ya 2 na ya 3, na huko ndiko damu, sukari na presha huanzia. Kwa hospitali za juu, mchango uwe umelipwa: asilimia 2.75 ya mapato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. TSH kwa kawaida inahitaji hospitali kubwa. Usianzie hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wengi bado mnaiita Russia. Pata barua ya rufaa kwanza, utaokoa siku nzima ya foleni. Na mwombe mhudumu akueleze mazoezi ya misuli, angalau siku 2 kwa wiki. Kazi ya soko inachosha mwili, ila haijengi misuli yote. Chakula cha misuli nacho kiko tayari sokoni: omena. Muile na mifupa yake.

Ukiwa na dawa unayoishuku, usiitupe chooni wala usimrudishie muuzaji. Tuletee boksi, dawa iliyobaki, ujumbe wa M-Pesa na picha ya tangazo. Kalamu ikae kwenye friji hadi mkaguzi aichukue, na usiipake wala kuibandika chochote. Fomu ya waridi ya Bodi ni ya dawa inayoshukiwa ubora wake, ya manjano ni ya madhara uliyopata. Zote mbili zinaweza kujazwa, na mgonjwa au jamaa anaruhusiwa kuripoti mwenyewe. Usipojua jina la dawa, andika rangi yake, maandishi ya kwenye kibandiko na tarehe uliyochomwa. Mnunuzi kwetu ni shahidi, hatumtafuti kumshtaki. Sampuli inaweza kupelekwa kupimwa maabara Nairobi, na majibu huchukua muda; kumpigia mkaguzi simu kila asubuhi hakuyaharakishi.