Senna hakupewa ubingwa wa 1983 mezani

Mashabiki wengi wa mbio za magari husimulia kwamba mwaka 1983 dereva Mbrazili Ayrton Senna alitwaa ubingwa wa Formula 3 wa Uingereza, daraja la chini ya Formula 1, bila jasho. Wanaosema hivyo wameishia kusoma nusu ya kwanza ya msimu.

Nusu hiyo kweli ilikuwa yake. Alishinda mbio 9 mfululizo. Kisha, mwezi Juni kwenye uwanja wa Silverstone, Martin Brundle wa timu ya Eddie Jordan akamkatia mnyororo huo, na kuanzia hapo mambo yakageuka. Senna alipata ajali kadhaa. Kwenye uwanja wa Oulton Park alijaribu kumpita Brundle kwa ndani, wakagongana, gari lake likaishia kupanda juu ya lile la Brundle. Mara nyingi Senna alipotoka mikono mitupu, Brundle alivuna pointi. Pengo likayeyuka.

Basi ubingwa uliamuliwa siku ya mwisho, uwanja wa Thruxton, mwezi Oktoba. Senna aliziba kwa tepu tundu la kupitishia hewa kwenye rejeta ya oili (kifaa cha kuipoza oili), ili injini iwahi kupata joto. Mbio zikiendelea, ilibidi alegeze mikanda na kunyoosha mkono nje kuibandua tepu ile, injini isije ikachemka, gari likiwa kasi. Alishinda, Brundle akawa wa tatu.

Kumwita Brundle msindikizaji ni kumwonea. Bila yeye, Senna asingelazimika kuhatarisha mwili wake namna ile.