Je, wajua kwanini tunatabasamu, na anayefaidika hasa ni nani?

Miaka mingi mi nilikuwa na jibu la hili swali na nilikuwa nawaambia watu kabisa: mtu anatabasamu kwa sababu ana furaha, furaha ikijaa moyoni inamwagikia usoni kama maziwa yanavyofurika sufuriani, kwahiyo hata ukiwa na huzuni we lazimisha tu tabasamu, furaha itafuata yenyewe. La kwanza nilikosea kabisa, la pili nililikuza kupita kiasi.

Tuanze na sufuria. Kama tabasamu ni furaha iliyofurika basi lingetoka palepale furaha inapofika, uwe na watu au uwe peke yako. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Robert Kraut na Robert Johnston, waliwafuatilia watu wanaocheza bowling, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito liangushe vile vinguzo vilivyosimama mbele. Mchezaji akirusha anakuwa ameangalia vinguzo, wenzake wako nyuma. Kumbe hata akifanya vizuri, uso ukiwa bado kwenye vinguzo anatabasamu kwa nadra sana, tabasamu linakuja akishageuka kuwaangalia wenzake! Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 ikatoa picha hiyohiyo, video za washindi 22 wa dhahabu zilipochunguzwa ikaonekana walitabasamu zaidi pale walipokutana na watu uso kwa uso jukwaani, kuliko walipokuwa wamesimama pembeni wanasubiri kuitwa, na ushindi walikuwa nao tayari.

Ukitaka kuliona kwa macho yako hauhitaji kufika huko. Hapa Mbeya kaa jioni Uyole kwenye kijiwe cha bodaboda wanapocheza drafti ya vizibo vya soda. Juzi nilikuwa namwangalia jamaa mmoja, koti zito, kofia ya sufu, mkono mmoja mfukoni kwa baridi, akala kete tatu kwa mpigo mpaka akaingia kingi, na muda wote uso mkavu, macho kwenye ubao, anaokota vile vizibo kimoja kimoja anavipanga pembeni, alafu akainua kichwa kuwaangalia waliosimama nyuma ya mpinzani wake na hapo ndo meno yote yakaonekana.

Mi sa hivi nalielewa tabasamu kama hodi. Hodi haupigi ukiwa umejifungia chumbani kwako, unapiga kwa sababu kuna mtu ndani. Na hodi haisemi umebeba nini kwenye kapu, aliyekuja kulipa deni na aliyekuja kukopa wote wanapiga hodi ileile, inachosema ni kwamba ni mimi, nimekuja kwa amani, naomba nisogee. Mwenye nyumba akijibu karibu, wote wawili wametulia. Tabasamu nalo linajibiwa kwa tabasamu, na lisipojibiwa unabaki umesimama mlangoni, unajua ile hali.

Mtu atauliza, mbona natabasamu peke yangu nikisoma meseji? Ni kweli watu hutabasamu wakiwa peke yao, ila mwaka 1991 mtafiti wa saikolojia Alan Fridlund alionyesha kwamba mtu anayeangalia video peke yake, akiamini tu kwamba rafiki yake anaangalia video hiyohiyo chumba kingine, anatabasamu karibu sawa na aliyekaa na rafiki yake bega kwa bega. Yaani mwenye nyumba anaweza kuwa kichwani mwako.

Hodi yenyewe ni ya zamani sana. Kima wa Asia wanaoitwa rhesus, yule mnyonge akikutana na mbabe wa kundi anamwonyesha meno kimya kimya, maana yake sina ugomvi na wewe, na wanasayansi wengi wanaona tabasamu letu lina undugu na ishara hiyo. Watoto wachanga wanaanza kutabasamu kwa kumjibu mtu wakiwa na wiki kama sita hadi nane, na hata waliozaliwa vipofu wanatabasamu bila kuwahi kuuona uso wa mtu.

Sasa lile la kulazimisha. Mwaka 1988 watu walishikishwa kalamu kwa meno, mdomo ukakaa kama unatabasamu, na wakaona vikatuni vinachekesha zaidi kuliko walioishika kwa midomo, ambapo mdomo unabana na hauwezi kutabasamu. Jaribio likawa maarufu kweli, lakini 2016 maabara 17 zililirudia na matokeo hayakujitokeza. 2022 likaja kubwa zaidi, watu 3,878 kutoka nchi 19, na hapo walioiga tabasamu usoni walisema furaha imeongezeka kidogo, ila kwa njia ya kalamu ushahidi ulibaki hafifu. Kwahiyo athari ipo, ila ndogo, haiwezi kubeba ushauri mzito niliokuwa naugawa.

Na niliugawa nyumbani pia. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi mapokezi, hoteli moja hapa mjini, masaa yote anatakiwa atabasamu. Siku moja karudi hoi nikamwambia si afadhali wewe unashinda na furaha, akanijibu, "Kaka, tabasamu wameondoka nalo wageni, mi nimebaki na mashavu yanauma." Sikuwa na la kujibu. Kupiga hodi kutwa kwenye milango usiyoichagua ni kazi ngumu, na anayefaidika pale ni mgeni na mwenye hoteli.

Wiki iliyopita karudi tena usiku, uso umekauka, akavua viatu mlangoni bila neno. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, akageuka, akamtazama, akatabasamu, "Karibu mwanangu." Na yule binti na mashavu yake yaleyale yanayouma, akatabasamu.