Kwa nini tunakurudisha nyumbani kwa sababu ya kikombe kimoja: adenosini, kafeini na kipimo cha moyo

Siku hizi malalamiko kwenye kitengo chetu cha vipimo vya moyo yamezidi, na mengi yanafanana. Mtu kaomba ruhusa kazini, kafika asubuhi na mapema, afu anaambiwa arudi siku nyingine eti kwa sababu ya chai. Wengine wanasema tunawakomoa. Hakuna anayekomolewa, ila karatasi ya maelekezo inasema tu "usinywe" basi, kwa hiyo ngoja nieleze sababu.

Kipimo chetu kinatumia dawa inayoitwa adenosini, na kafeini iliyomo kwenye chai na kahawa inaizuia isifanye kazi. Adenosini hiyo mwili nao unaitengeneza wenyewe. Seli zinatumia ATP kama nishati, na ATP ikivunjwavunjwa inapatikana adenosini, ndo maana sehemu inayofanya kazi sana au inayokosa oksijeni inakuwa nayo nyingi. Kazi yake inafanyika pale inaposhika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli, viko vinne, A1, A2A, A2B na A3, na kitakachotokea kinategemea imeshika kipi na wapi. Kwenye njia ya umeme ya moyo, A1 inapunguza kasi (watafiti Drury na Szent-Györgyi waliliandika hilo tangu 1929, sio habari ya juzi). Kwenye mishipa inayolisha moyo, A2A inaitanua. Kwenye ubongo adenosini inajikusanya kadiri unavyokaa macho na ndo inachangia ule usingizi wa jioni, na kafeini inakukesha kwa kukalia vipokezi hivyohivyo bila kuviwasha, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, kazi hafanyi na kupisha hapishi. Kwa hiyo kafeini haikuongezei nguvu, inakuzuia tu usisikie uchovu, naomba hili liishe.

Sasa kipimo chenyewe. Mtu asiyeweza kukimbia kwenye mashine tunamwekea adenosini kwa dripu, kawaida mikrogramu 140 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kwa dakika chache tu, huku tunaangalia presha na mapigo. Mshipa wenye afya unatanuka na damu inaongezeka mara kadhaa, mshipa uliobana hauwezi kutanuka hivyo, na tofauti hiyo ndo inaonekana kwenye picha. Ukija na kafeini mwilini A2A imeshakaliwa, mishipa haitanuki inavyotakiwa, kwa hiyo picha inaweza kutoka safi kabisa wakati mshipa umeziba nusu, afu unaenda nyumbani na furaha yako. Hapo nani kakomolewa?

Kafeini sio kahawa tu jamani. Chai ya rangi na ya kijani zimo, soda nyingi nyeusi, vinywaji vya kuongeza nguvu, chokoleti, na baadhi ya vidonge vya maumivu na mafua. Ile kahawa iliyotolewa kafeini bado inabaki nayo kidogo, nayo hairuhusiwi, na ndo inayotuletea ubishi kila wiki. Nusu ya kafeini inachukua kama saa 5 kutoka mwilini, kwa wengine zaidi, ndo maana sisi tunataka saa 24. Vituo vingine vinataka 12, fuata karatasi ya kituo chako, usifuate ya jirani.

Ukifika muuguzi atakuuliza umekunywa nini na saa ngapi, anaandika, unasaini. Ukisema ukweli mapema, hata kwa simu jana yake, tunakuhamishia tarehe nyingine bila shida. Ukinyamaza, ikaja kugundulika wakati dawa ya mionzi ya kupigia picha imeshaandaliwa kwa ajili yako, imepotea hiyo, kwa sababu ile tunayotumia sisi nguvu yake inapungua nusu kila saa 6 na haiwekwi mpaka kesho. Fomu inarudi kwa daktari aliyekutuma na foleni unaianza upya.

Mwenye pumu aseme kabla hajalala kitandani, maana adenosini inaweza kubana njia za hewa. Anayetumia theofilini (dawa ya pumu) au dipiridamoli (dawa ya kuzuia damu kuganda) pia aseme, ya kwanza inaizuia adenosini na ya pili inaizidisha, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako, hilo ni la daktari. Na dawa tunayoweka pembeni ya kukata makali ya adenosini ni aminofilini, ndugu wa damu wa kafeini, kwa hiyo kafeini tunaijua vizuri sana.

Kuna lalamiko lingine, la ndugu wa wagonjwa wa dharura: "mlimsimamisha mama moyo". Mapigo yakikimbia ghafla kwa aina fulani ya hitilafu ya umeme, anachomwa adenosini miligramu 6 kwa kasi kwenye mshipa mkubwa, maji ya chumvi yanasukumwa nyuma yake papo hapo, isipokubali zinafuata 12. Mgonjwa anahisi kifua kinabanwa, uso unawaka, wengine wanasema wanakufa, na mstari kwenye skrini unanyooka kwa sekunde chache. Ndo inavyotakiwa. Nusu ya dawa inaisha kwenye damu chini ya sekunde 10, umeme unaanza upya, mara nyingi kwa mwendo wa kawaida.

Wanywaji wakubwa wa kahawa wakikaa siku nzima bila kuinywa kichwa kinawauma, hilo tunalijua. Kunywa maji, na kama ni lazima umeze dawa, meza parasetamoli tupu, soma pakiti kwanza maana zipo zilizochanganywa na kafeini. Picha zikiisha zote, muulize muuguzi kama kuna awamu nyingine, akisema hakuna, kahawa ruksa.